Mfasiri Hayupo Njiani

configure: error: no acceptable C compiler found in $PATH

Kama umewahi kutumia Linux kwa kazi zaidi ya kutazama filamu, basi mwajuana na mstari huo. Umeshusha programu ambayo haikuja tayari. Umefungua terminali, ile skrini nyeusi ya maandishi, ukaandika amri kama ulivyoelekezwa. Mashine ikawa yajiuliza maswali na kujijibu yenyewe, mistari ikiteremka mbio, halafu ghafla ikasimama. Kwa Kiswahili cha harakaharaka: kosa, hakuna kompaila ya C ya kukubalika iliyopatikana njiani.

Huwa naipenda sentensi hiyo hata inaponikera. Kwanza kwa lile neno la kukubalika. Mashine haisemi huna kompaila. Yasema huna ya kuridhisha, kama wifi aliyekuja kukagua jiko lako. Pili kwa hilo njiani. PATH ni orodha ya mahali ambapo mashine hupita kutafuta kitu ukikitaja kwa jina. Hupita kituo kwa kituo, kwa mpangilio ule ule, kama matatu ya Likoni kwenda Ukunda. Kitu kikiwa ndani ndani, mbali na barabara, kwake ni sawa na kisichokuwapo.

Mimi ni mtu wa Shika Adabu, wadi moja kati ya tano za Likoni. Mtaa wetu jina lake lenyewe ni amri, kwa hivyo kukemewa na mashine hakutushtui sana. Kinachosumbua ni kukemewa halafu usiambiwe ufanye nini.

Tuanze na kompaila yenyewe. Shuleni tulikaririshwa tarakilishi na kipakatalishi, maneno ambayo sijawahi kumsikia mtu akiyatamka dukani anaponunua leptopu. Kompaila haikutajwa. Lakini neno lake, kwa maoni yangu, tunalo siku nyingi: mfasiri.

Programu huandikwa na mtu, kwa lugha ambayo mtu mwingine anaweza kuisoma. Prosesa haijui lugha hizo. Yenyewe yajua tarakimu tu, na za aina yake. Katikati lazima awepo mtu wa lugha, na hapa Kiswahili kilikuwa kimeshatenganisha kazi mbili kabla kompyuta hazijazaliwa. Kuna mkalimani, yule anayesimama kando ya mhubiri kwenye mkutano wa uwanjani, akigeuza sentensi moja moja papo hapo. Lugha kama Python hufanya kazi karibu na hivyo. Halafu kuna mfasiri, anayechukua kitabu kizima, akajifungia nacho, akatoka na kitabu kingine. Ndivyo inavyofanyiwa C. Akishamaliza kazi yake humhitaji tena. Wewe wasoma tafsiri.

Programu nyingi zilizo kwenye kompyuta yako zilifasiriwa zamani, na mtu usiyemjua, kwenye mashine ambayo hutaiona. Ulichopewa ni tafsiri. Siku ukipewa kitabu cha asili ndipo utagundua kwamba nyumbani kwako mfasiri hayupo.

Kwa nini hayupo? Jibu la kawaida ni nafasi. Ubuntu ilipotoka mwaka 2004 ilibidi ienee kwenye sidii moja, na sharti hilo liliendelea hadi 2012. Watu wengi hawajengi programu. Afadhali wapewe kivinjari na cha kuchezea muziki kuliko zana ambazo hawatazigusa. Ni jibu lenye mantiki.

Lakini kuna kisa cha kabla ya hapo. Mifumo ya Unix, ambayo Linux ilijifunza kwayo, ilikuwa na desturi ya kuja na mfasiri wa C ndani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Sun ilipotoa Solaris, ilimtoa mfasiri ndani ya boksi ikamuuza kando, kwa bei yake mwenyewe. Wengi hawakulipa. Walimkimbilia mfasiri wa bure aitwaye GCC, ambaye Richard Stallman alikuwa ameshamtoa hadharani tangu 1987. Na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alipoanza kuandika Linux mwaka 1991, huyo huyo GCC ndiye aliyemfasiria. Kwa hivyo kila kompyuta ya Linux ni mtoto wa mfasiri ambaye sasa, ukiinunua au ukiiweka upya, mara nyingi hayumo ndani.

Kumleta ni amri moja:

sudo apt install build-essential

Hicho kifurushi chenyewe karibu ni kitupu. Ni orodha tu, kama karatasi anayokuandikia fundi mwashi kabla hajaanza kazi: simiti, mchanga, kokoto, vyuma. Hapa imeandikwa gcc, g++, make, libc6-dev, dpkg-dev. Wewe wakabidhi karatasi, apt yaenda ghalani kuchukua vyote pamoja na vinavyohitajiwa na hivyo. Dakika chache umemaliza.

Ikiwa una intaneti.

*

Machi 2020 vyuo vilifungwa. Tarehe 27 mwezi huo kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Kwa watu wa Shika Adabu amri hiyo ilikuwa na uzito wake, maana ukifuata barabara ya Ukunda huchukui muda umeshaingia Kwale. Watu walikuwa na mashamba, ndugu na wachumba upande wa pili. Ghafla Ng'ombeni ikawa ng'ambo.

Rafiki yangu aliyekuwa fundi wetu wa kompyuta alikuwa Ukunda. Huyo ndiye mtu wa kumpigia simu, akaja na flashi yenye kila kitu. Akabaki huko, nasi tukabaki huku.

Shangazi yangu anauza mahamri, viazi karai na sambusa. Februari ya mwaka huo, zamu yake ya chama ilipofika, alimnunulia binti yake leptopu iliyotumika Ulaya, moja ya zile zinazouzwa mjini zikiwa bado na stika za ofisi fulani ya huko. Binamu yangu alikuwa mwaka wa kwanza wa uhasibu. Nusu mwaka wa kuamka saa tisa usiku kukanda unga ulikuwa ndani ya mashine ile, na Shangazi aliifunika kwa kitambaa cha meza kila isipotumika.

Aprili ikaanza kuonyesha skrini nyeusi ikidai leseni ambayo muuzaji hakuwa amempa mtu. Tena ilikuwa nzito, dakika nzima kufungua faili. Mimi nikaenda na Ubuntu 20.04, iliyokuwa imetoka tarehe 23 Aprili, wiki ile ile mwezi wa Ramadhani ulipoandama. Nikaiweka. Ikawa nyepesi, safi, binamu akafurahi. Kisha tukaitafuta Wi-Fi na hatukuiona. Alama ya Wi-Fi haikuwapo kabisa.

Kadi ya Wi-Fi ndani ya leptopu ile ilikuwa ya aina ambayo dereva wake hakuwamo bado kwenye keneli, kile kiini cha mfumo. Si jambo geni. Chipu hutoka kiwandani leo, dereva wake huingia kwenye keneli baada ya mwaka au miwili. Kwa muda huo watu wa kujitolea huweka msimbo wa dereva hadharani, nawe waujenga mwenyewe. Yaani wapewa kitabu cha asili. Tafuta mfasiri.

Ilikuwa Jumamosi jioni. Mtihani wa kwanza wa mtandaoni wa binamu ulikuwa Jumatatu saa tatu asubuhi, na chuo kilitaka faili lake la hesabu lipakiwe kabla ya saa tano. Mwenye nyumba wao, Mungu ambariki, alikuwa na Wi-Fi ya kulipia kwa mwezi na alikuwa amempa binamu paswadi bila kudai hata senti. Kwa hivyo intaneti ilikuwa imejaa chumba kile. Ilipita juu ya meza, juu ya sufuria, juu ya vichwa vyetu. Leptopu tu ndiyo iliyokuwa kiziwi.

"Yataka nini tena hiyo?" Shangazi akauliza kutoka jikoni.

"Yataka dereva, Shangazi."

"Kompyuta na dereva?"

"Dereva wa Wi-Fi."

"Haya. Na huyo dereva yuko wapi?"

"Yuko kwenye intaneti."

"Basi si muingie mkamchukue."

"Hatuwezi kuingia mpaka tuwe naye."

Akatoka, mikono imejaa unga, akaitazama leptopu kisha akanitazama mimi. "Basi hiyo ni feri iliyolala ng'ambo," akasema, akarudi kwenye sambusa zake.

Alikuwa ameeleza tatizo lile vizuri kuliko maelezo yote niliyowahi kusoma. Tena palikuwa na feri ya pili nyuma ya ile ya kwanza. Msimbo wa dereva niliweza kuushusha kwa simu yangu, nikauhamishia kwenye leptopu kwa waya. Nikamwambia binamu aandike make. Jibu likaja: make haipo. Hata huyo msimamizi wa ujenzi hayupo, sembuse mfasiri.

Ningeweza kuorodhesha vifurushi nikavishusha kimoja kimoja. Nilianza, kwa kalamu, nyuma ya risiti ya unga. Make ni rahisi. gcc yataka gcc-9. gcc-9 yataka cpp-9, binutils na libgcc-9-dev. cpp-9 yataka libisl22, libmpc3 na libmpfr6. Kuna libc6-dev nayo, ambayo yataka linux-libc-dev. Kila jina laja na ndugu zake, na kila ndugu lazima awe wa toleo linaloafikiana na wenzake, la sivyo familia nzima yagoma. Ukishaifanya kazi hii kwa mkono mara moja ndipo utamheshimu apt. Ni kama kualika mtu mmoja harusini Likoni.

Simu yangu ilikuwa na kidonda chake: tundu la chaji lilikuwa limekufa kwa upande wa data, lahamisha faili likitaka, likikataa limekataa. Nikaitazama simu ya Shangazi.

Sasa, elewa jambo moja. Mwezi wa Ramadhani, tena wa kafyu, simu ya Shangazi ndiyo duka lake. Watu hawatoki jioni, kwa hivyo wapiga simu mchana na alasiri: niwekee sambusa ishirini, niwekee viazi vya mia. Malipo yaja kwa M-Pesa. Kumwomba simu ile saa ya kupokea oda za kesho ni kumwomba mtu funguo za kibanda. Tukafuturu kwanza. Saa tatu usiku, alipoona hatujainuka pale mezani na binamu ameanza kufuta machozi akijifanya ni vitunguu, akaileta mwenyewe.

"Nusu saa," akasema. "Na bando lake mwanunua nyinyi."

Nikanunua la shilingi hamsini.

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba simu ya Android ikiunganishwa na Linux kwa waya wa USB, ukiruhusu kwenye simu igawe intaneti, kompyuta huipokea papo hapo. Dereva wa kazi hiyo ameshakaa ndani ya keneli miaka mingi. Hakuna cha kujenga. Tundu la simu ya Shangazi nalo lilikuwa limelegea, lakini ukiuinamisha waya kidogo kushoto washika. Binamu akaushika kwa kidole gumba. Alama ya mtandao ikajitokeza juu ya skrini kama mgeni aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote.

Nilimsogezea kibodi aandike kwa mkono mmoja. Yeye ndiye angeishi na mashine hiyo, si mimi.

sudo apt update. Mashine ikaomba paswadi. Akaandika, na kwenye skrini hakukutokea kitu.

"Mbona waandika na hakuandikiki?" Shangazi akauliza. Alikuwa amevuta kiti, akili yote kwenye simu yake.

"Paswadi hii haionyeshwi, Mama. Hata nyota haiweki."

"Ehe. Hiyo ina adabu."

sudo apt install build-essential dkms. Mashine ikasoma orodha, ikataja majina yote yale niliyokuwa nimeyaandika nyuma ya risiti pamoja na mengine mengi, ikauliza kama tuendelee. Akabonyeza herufi ya kukubali. Vifurushi vikaanza kuja. Katikati simu ikalia, mteja wa Majengo Mapya ataka sambusa arobaini, na intaneti ikakatika. Shangazi akapokea oda yake bila haraka, akaulizia hali za wote. Alipokata simu tukaandika amri ile ile tena, na apt ikaendelea pale pale ilipoachia. Ilifanya hivyo mara tatu. Binamu akabadilisha kidole.

Kisha make. Ukijenga moduli ya keneli, mistari huteremka ikianza na CC, jina la faili baada ya jina la faili. Kila mstari ni ukurasa umefasiriwa. Baadhi yake mfasiri alinung'unika: hiki hakitumiki, hiki sikielewi vizuri. Hakusimama. Mwisho akaunganisha kurasa zote kuwa kitu kimoja. Tukaweka, tukamwita dereva kwa modprobe, na kwa sekunde mbili tatu hakukuwa na lolote.

Halafu majina ya Wi-Fi za majirani yakajipanga, moja baada ya jingine. Ya mwenye nyumba. Ya kinyozi. Moja iliyoitwa Usiombe.

"Chukueni simu yangu huko," Shangazi akasema, ingawa yeye ndiye aliyekuwa ameikamata. Ilikuwa saa sita kasoro. Hakuna wa kurudi nyumbani saa hiyo, kafyu ni kafyu, kwa hivyo nililala pale. Jumatatu binamu alifanya mtihani wake. Alama ni zake, sitazisema hapa.

*

Usiku ule, tukingoja daku, aliniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria.

"Dada, na huyu mfasiri, yeye alifasiriwa na nani?"

Maana gcc nayo ni programu. Imeandikwa na watu, kwa lugha ya watu. Ili ifanye kazi lazima ifasiriwe. Na anayeifasiri ni gcc ya kabla yake, iliyofasiriwa na nyingine ya kabla yake. Rudi nyuma hivyo hivyo. Fundi wa majahazi kule Matondoni, Lamu, ana tezo, keekee, patasi na msumeno. Tezo lake limetoka kwa mhunzi, aliyelifua kwa nyundo. Na ile nyundo ilifuliwa kwa nyundo nyingine.

Nilimweleza nilichokijua. Kwamba mwaka 1952 Marekani mwanamke mmoja aitwaye Grace Hopper alikuwa na programu iliyoitwa A-0, ambayo wengi huihesabu kuwa kompaila ya kwanza, na kwamba kabla yake watu walikuwa wakiandika tarakimu za mashine wenyewe, moja moja. Mwanzo wa mnyororo wote ni mikono.

Nikamweleza pia habari ya kutisha. Ken Thompson, mmoja wa walioanzisha Unix, katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing iliyochapishwa 1984, alionyesha kwamba mfasiri anaweza kufunzwa hila. Akiona anafasiri programu ya kumruhusu mtu kuingia kwenye mfumo, apachike mlango wa siri. Na akiona anajifasiri yeye mwenyewe, aipachike tena hila hiyo hiyo. Baada ya hapo waweza kuifuta hila kwenye kitabu cha asili. Kitabu chawa safi, mtu yeyote akisome, na hila yaendelea kuishi ndani ya tafsiri, kizazi hadi kizazi. Kusoma msimbo peke yake hakutoshi. Lazima uwe na sababu ya kumwamini aliyekufasiria.

"Kwa hivyo hatuwezi kujua," akasema.

Usiku ule sikuwa na jibu zuri. Jibu lilikuja 2023. Watu wa mradi wa GNU Guix walitangaza kwamba wameweza kujenga mnyororo mzima wa wafasiri kuanzia programu moja ya baiti 357. Haijazi hata SMS tatu. Ni fupi kiasi kwamba mtu aweza kuikagua yote kwa macho yake, tarakimu kwa tarakimu. Kutoka hapo hujengwa chombo kidogo, hicho kikajenga kikubwa kidogo, hadi kufika kwa gcc. Nilimtumia binamu habari hiyo kwa simu. Akanijibu kwa neno moja: nyundo.

*

Nimewahi kumsimulia mtu kisa cha leptopu akaniuliza: si ungemtafutia Windows tu? Ni swali la haki. Hakuna mwanafunzi wa uhasibu anayestahili kujua gcc ndio afanye mtihani. Siku hizi napenda kusikia watu wakisema programu huria ni uhuru, lakini uhuru wa kusoma na kujenga msimbo una nauli yake. Wataka bando, wataka stima isiyopotea, wataka mtu wa kukaa nawe hadi usiku, wataka simu ya mama. Mtu wa Ulaya aliyetupa leptopu ile alikuwa na vyote hivyo bila kuvihesabu. Mwaka 2009 mkongo wa TEAMS ulitua Mombasa kutoka Fujairah, ukipita chini ya bahari yote hiyo. Usiku ule kipande cha mwisho cha safari yake kilikuwa kidole gumba cha binti wa miaka kumi na tisa.

Lakini lile la Windows lisingemaliza neno. Leptopu ilikuja na mfumo ambao kufuli yake ilikuwa imevunjwa na mtu tusiyemjua, ndiyo maana ikazima. Hakukuwa na njia ya kuukarabati, kwa sababu hakukuwa na cha kufungua. Dereva wa Wi-Fi alikosekana, ndiyo, lakini alikosekana kwa namna ambayo mlango ulikuwa wazi. Vitu hivi viwili havifanani, ingawa vyote viwili vyaweza kukufanya ulie saa tatu usiku.

Sisi ni watu wa bandari. Kilindini yapokea nguo zilizovaliwa, magari yaliyoendeshwa, kompyuta zilizochoka. Twajua kupokea, twajua kukarabati, na mafundi wetu hawana mfano. Ila kitu kikija kimefungwa kote, hata fundi hodari hubaki kupuliza vumbi. Ndiyo maana huwa nawakumbuka watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliokuwa kwenye mradi wa Kilinux. Mwaka 2004 walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Hawakumwomba mtu ruhusa ya kuigeuza menyu kuwa Kiswahili. Msimbo ulikuwa wazi, zana walikuwa nazo, wakajenga. Na hata jina la Ubuntu, lililochaguliwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, hatuhitaji kufasiriwa. Toa silabi moja ya katikati na utaona ndugu yake: utu.

Mpaka wa Kwale ulifunguliwa Julai. Rafiki yangu wa Ukunda alikuja na flashi yake, akaikuta leptopu yafanya kazi, akauliza nani amejenga dereva. Binamu akainua kidole gumba.

Amehitimu sasa. Anafanya hesabu za maduka mawili ya vifaa vya ujenzi huku huku Likoni, na jioni vijana wa mtaani humletea leptopu zao. Kitu cha kwanza anachoweka, kabla ya kivinjari, kabla ya muziki, wakati intaneti bado ipo, ni build-essential. Wenye leptopu huuliza ya nini, naye huwaambia waache tu ikae. Keneli ikisasishwa, dkms humjenga dereva upya yenyewe bila kumwamsha mtu, lakini lazima imkute mfasiri nyumbani.

Ana daftari la kurasa tisini na sita ambalo ameandikia hatua zote kwa Kiswahili, kwa hati ya shule, ili mtu asiyejua Kiingereza cha terminali aweze kufuata. Nililiomba nikapiga picha ukurasa wa kwanza. Umeandikwa hivi:

Unga simu kwa waya, inamisha kushoto.
Uliza ghala lina nini kipya.
Leta vitu vya kujengea.
Ingia kwenye folda ya dereva.
Jenga. Akinung'unika mwache, akisimama soma mstari wa mwisho.
Weka.
Mwite dereva kwa jina lake.
Mrudishie Mama simu.